Fomu Moja kwa Kila Kipande

Kaka Salumu,

Afya ninayo, ila moyo unachemka. Nimekuja kubadilisha ule mfumo tuliojengea tovuti ya ofisi ya wakulima wa korosho. Unakumbuka kila kipande cha ukurasa, hata kalenda, kilivyotakiwa kuandikwa kwenye orodha mbili ndipo kifanye kazi? Toleo jipya halina habari hiyo. Unakiweka kwenye folda, linakiona lenyewe. Nikazifuta orodha zote mbili, na tovuti ikafunguka vizuri.

Karani mkuu, Mzee Chilumba, akaniita. "Mwanangu, kilichosajiliwa hakifutwi bila fomu." Ni fomu ileile wanayofutia viti vilivyovunjika. Nikamwambia hakuna kilichopotea. "Kama hakijapotea, mbona hakimo kwenye orodha?" Akafunga chumba cha kompyuta, ufunguo akautia mfukoni. Wakulima wamejaa barazani wanasubiri kuandikishwa na msimu ndio huu, nami nimekaa nao natafuna ming'oko, vile viazi pori vya kuchemsha, huku najaza fomu moja kwa kila kipande.

Fomu inauliza sababu ya kufuta. Nimeandika kwamba kuviorodhesha kulikuwa ujinga tangu siku ya kwanza. Inauliza pia nani aliyeviorodhesha. Hapo nimeandika jina lako, maana ndiwe uliyenifundisha.

Sasa mzee anasema na wewe lazima uje utie sahihi. Mvua zimeanza, na barabara ya Kibiti unaijua. Njoo salama, kaka. Ming'oko yako nimekuwekea.

Mdogo wako,
Mwanahawa