Laini ya Kupigia Nyumbani

Alhamisi jioni, Kawempe, Kampala. Mvua imekatika, lakini matope yamefika mpaka mlangoni.

Leo nimemkumbuka mume wangu mahali pa aibu: katikati ya kikao, mbele ya maafande, nikizungumzia betri.

Ngoja nieleze. Mimi ni mhandisi. Kazi yangu ni kuhakikisha vitu vinavyonunuliwa kwa ajili ya jeshi vinaelewana: redio na gari, gari na betri, betri na mtu atakayekaa humo ndani. Kila kimoja peke yake ni chema, ukiviweka pamoja vinagombana kama wake wenza. Mengine siyaandiki hapa, na mwenye akili hataniuliza.

Ofisini kwetu kila kifaa kina "mzazi". Ndiye anayekitetea bajeti ikibana, na bajeti yetu sijawahi kuiona imelegea. Safari hii hatununui magari mapya, tunayafufua ya zamani yanayokwenda mpakani. Wenzangu walikimbilia redio, matairi, vioo. Laini ya kupigia nyumbani, yaani simu ya setilaiti ambayo askari wangepokezana kuongea na familia zao, ilibaki yatima. Nikaichukua mimi.

Niliichukua kwa sababu ya Juma, mume wangu.

Yuko huko huko mpakani, mahali ambapo mtandao haufiki. Akipata lifti ya kwenda mjini hupiga. Asipopata, kimya. Nimeikosa sauti yake mpaka nimeanza kuyatamani hata yaliyokuwa yakinikera, kama vile anavyocheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho chake. Wanasema subira huvuta heri. Yangu sijui inavuta nini.

Mama yake, tunayeishi naye, haningoji hata nivue viatu nikirudi kazini.

"Mama Zuhra," huniita kwa jina la binti yetu, "kijana amepiga?"

"Bado, Mama."

Mama ni Mnubi, binti wa askari, mjane wa askari, mama wa askari. Amengoja maisha yake yote na bado hajazoea.

Jana tulijaribu gari moja uani kazini. Tukazima injini, kama itakavyokuwa kwa dereva aliyekwama, kisha tukawasha redio. Ikazimika kabla hatujamaliza kuomba gari la wagonjwa. Betri moja haitoshi, kila gari linahitaji ya pili. Na fedha iliyobaki inatosha betri hizo au laini yangu, si vyote viwili.

Asubuhi ya leo Meja Opio, bosi wetu, hakunisukuma. Laiti angenisukuma, ningekuwa na wa kumlaumu.

"Nnyabo, pesa ni hiyo hiyo tu," alisema, akiniita bibi kwa Kiganda. "Wewe ndio mzazi ya hiyo simu. Sema."

Hoja zangu zilikuwa tayari. Askari aliyeongea na mkewe hulala vizuri, na aliyelala vizuri hakosei ovyo. Ni hoja ya kweli na ningeweza kushinda nayo. Lakini nilipofungua mdomo nilimwona Juma ndani ya lile gari lililozimika, anaita kwenye redio na hakuna anayemsikia.

Nikasema tuitoe simu.

Meja aliandika, tukahamia kwenye matairi. Sikusikia neno lolote kuhusu matairi.

Nilirudi nimelowa, na Mama alipouliza swali lake nikashindwa kujibu kama kawaida. Nikamweleza yote, kwamba ilikuwapo njia ya kumsikia mwanawe kila wiki na mimi ndiye niliyeiziba. Nilitegemea atanuna. Akanisogezea chai.

"Baba ya Juma alikuwa naandika barua kila mwezi," akasema. "Barua zote niko nazo. Yeye hakurudi."

Kisha akaenda kuswali Magharibi, nami nimebaki hapa na simu yangu, naandika ili nisilie.

Sijui kama nimefanya vyema. Kama mhandisi, ndiyo, na ningelirudia jibu lile hata kesho. Kama mke, nina kiu ya sauti moja tu duniani na nimeyamwaga maji mwenyewe. Je, mtu anaweza kuwa sahihi na bado akaumia hivi?

Juma, nimekunyima simu kwa mkono wangu mwenyewe. Rudi unigombeze.