Jina Nililokata kwa Liste ya Bloc

Mama Julienne, nakusikiliza kila juma ku redio, na leo ni zamu yangu ya kukulilia, naomba unisikie mpaka mwisho mbele ya kunihukumu. Mimi ni mama wa watoto wane, vita ilitutoa Rugari, tuko Kanyaruchinya mwaka wa pili sasa, chini ya hema ya bâche, juu ya mawe ya volkano. Hapa kambini nilichaguliwa responsable, ni kusema kiongozi, wa shirika letu, wale Wakristo tunasali pamoja kila Alhamisi, na miezi kidogo nyuma yake watu wa bloc, ule mutaa wetu wa kambi, wakanichagua tena présidente wa komite, juu ya vile walisema mama huyu anaogopa Mungu, hatakula vitu vyetu.

Sasa shida yangu inaanzia pale, juu niko na wakubwa wawili na hawafundishi kitu kimoja. Padri alitukusanya siku tatu, akatuambia kiongozi mukristo ni mutumishi, anakaa nafasi ya mwisho, anakula wengine wakiisha kula, na kama kitu hakitoshi, kinakosekana kwake kwanza. Nililia siku ile, yalinigusa kabisa. Nyuma yake ONG, wale wanatugawia chakula, ikatuita Himbi, kule mujini, kwa salle ya mikutano yenye mazuria, agent wao mumoja anaitwa Charline akatuambia kiongozi ni mutu wa kufuata utaratibu, wazee kwanza, wagonjwa, wenye mimba, haongezi jina, hapunguzi jina, anaweka sahihi, na mutu yeyote wa bloc anaweza kumuuliza. Mi nilisema moyoni, hawa watu hawana Mungu, wako na makaratasi tu.

Mwezi wa nane Charline akaniachia liste ya bloc, ile orodha ya kupokea chakula, niihakikishe, ma-ménages sitini, hakuna nafasi ya sitini na moja. Siku ileile akafika mama mumoja kijana kutoka Kibumba, Eugénie, na mutoto mugongoni, bwana yake waliua njiani, na watu wote wakaniangalia mimi. Nikakumbuka nafasi ya mwisho. Nikachukua kalamu ya bic, nikakata jina langu, nikaandika la Eugénie juu yake, nikarudishia Charline karatasi imekunjwa, na sikuambia mutu, juu kitu unamutolea Mungu hautangazi. Nakuambia ukweli, nilirudi nyumbani naimba.

Kumbe kwa liste ile jina si mutu. Jina ni ménage, ni nyumba nzima. Kwa shirika tukiita jina lako ni wewe na roho yako, lakini kwa liste jina langu lilikuwa mimi, bwana yangu Jean de Dieu, watoto wane na mama mukwe, watu saba, na wote saba walitoka na ule musitari mumoja wa bic. Himbi walitueleza, mi nilisikia na sikio moja. Siku ya kugawa unga na maharagi bwana yangu alisimama kwa foleni toka asubuhi, wakamwambia jina halipo. Akauliza nani ameharibu. Watu wakasema ni Charline, hawa ma-agents wanatuzarau, wakamutukana, wengine wakaokota mawe, na mimi nilikuwa nimesimama pale nimevaa gilet ya komite, sikufungua kinywa. ONG wakamutoa Charline kwa kambi yetu. Na wakasema liste haiguswi mpaka miezi tatu iishe.

Mama mukwe wangu anaitwa Nyiransabimana, miaka yake inapita makumi saba. Alianza kusema ameshiba. Anapokea sahani, anawamegea watoto, anasema sisi wazee tunakula kidogo. Kisha mwezi wa kumi, siku ya Jumatatu, akasema viazi vyake vimekomaa kule Rugari, anaenda kuchimba kidogo halafu anarudi, wale wenye bunduki hawatamufanya mutu muzee kitu. Mi nilimuona anafunga kitambaa. Sikumukataza, juu nyumbani hakukuwa kitu cha kupika. Leo ni siku ya kumi na tisa.

Sasa Padri anataka Jumapili nisimame nifundishe ma-responsables wapya juu ya uongozi wa kikristo, na ONG wanataka présidente atie sahihi kwa liste mupya, na bwana yangu kila asubuhi bado analaani Charline. Mama Julienne, uongozi gani ni wa haki, wa Kanisa ao wa ONG? Mi nilifuata ule wa Mungu na amenilipa hivi. Nimemukasirikia Mungu, na naandika hivyo wazi. Naomba jibu.

Mama wa Kanyaruchinya

*

Mama wa Kanyaruchinya, majina ya barua yako nimegeuza yote, na la kwako sikulitaja hata kwa wenzangu hapa studio.

Pole. Nakuambia pole mara moja na kwa moyo wote, kwa sababu kutoka hapa sitakubembeleza. Barua yako ilikuwa kurasa nne. Nilimtafuta mama mukwe wako humo, nikamkuta ukurasa wa mwisho. Umetueleza mazuria ya Himbi na machozi yako kwa mafundisho, na kumbe kuna mzee hajaonekana nyumbani siku ya kumi na tisa. Ungeanza naye.

Lakini uliuliza, basi nakujibu. Padri hakukosea, na Charline hakukosea. Anayechagua nafasi ya mwisho anakaa yeye mwenyewe. Wewe ulikaa na watu sita ambao hukuwauliza. Ungesema, mimi nitakula mara moja kwa siku, sehemu yangu ni ya Eugénie na mtoto wake, hapo ungekuwa mutumishi, na wote saba wangebaki kwa liste. Ila kitu kama hicho ni kidogo, kinaumiza kila siku, na hakimfanyi mtu arudi nyumbani akiimba. Ulitoa saba ukaingiza wawili, halafu ukaita hesabu hiyo imani.

Na kwa utaratibu wa hao unaosema hawana Mungu, nani alikuwa wa kwanza nyumbani kwako? Wazee kwanza, umeandika mwenyewe. Mimi sipendi makaratasi yao, mama. Nimepanga foleni zao kwa vita mbili, najua jinsi yanavyomfanya mtu ajione ni namba tu. Lakini karatasi ina kitu ambacho moyo wako hauna: mwingine anaweza kuisoma na kukuuliza, hapa ulifanya nini? Ungeenda kwa Charline waziwazi na kumwambia kuna mjane, ni ménage ya sitini na moja, labda angekataa, labda angepata nafasi, lakini mngekuwa wawili mnaojua. Kanisa linakuuliza unaongoza kwa nini, ofisi inakuuliza unaongoza namna gani. Wewe ulijibu lile la kwanza ukadhani umemaliza mtihani.

Halafu ile siri. Siku ya kwanza ilikuwa sadaka, nakubali. Siku watu walipookota mawe juu ya binti wa watu na wewe ukanyamaza na gilet yako, sadaka ilikwisha, ukabaki uongo. Ulilinda sifa ya mama anayeogopa Mungu. Umemkasirikia Mungu? Kasirika, yeye anaweza kuvumilia. Lakini bic haikuwa mkononi mwake.

Sasa sikiliza vizuri, maana siku zinakwenda. Leo, kabla hamjala, mwambie Jean de Dieu. Usianze na Eugénie, usianze na Padri. Anza na: ni mimi niliyekata jina letu. Atapiga kelele, labda atatoka nyumbani. Usilie ili akuonee huruma, leo si zamu yako. Kesho nenda ofisi ya ONG, uwaandikie na sahihi yako kwamba Charline hakuharibu kitu, na uwaombe nyumba yako irudi kwa liste. Kisha simama mbele ya bloc, pale pale walipomtukana, useme hivyo hivyo kwa sauti, uvue gilet na umpe mwingine. Na Jumapili usifundishe mtu. Mwambie Padri kwa nini, naye aamue kama ataendelea kufundisha nafasi ya mwisho bila kueleza ni nafasi ya nani.

Njia ya Rugari msiende, wewe wala bwana yako, watoto wamekwisha kupoteza mzee wao mmoja kwa njia hiyo. Croix-Rouge, Msalaba Mwekundu, wana watu wa kutafuta waliopotezana katika vita. Muende wote wawili, hata kama njiani hamsemezani. Watawauliza jina la mama, alivaa nini, alipita wapi, na kwa nini mtu wa umri wake alirudi kule peke yake. Maswali matatu ya kwanza bwana wako anaweza kuyajibu. La nne atakuangalia, na utajibu wewe.