Maji Moto ya Kavira

Jumatatu, 4 Agosti
Kavira amechemsha maji tena. Mbabula, jiko letu la makala, moshi, kikohozi. Kama kila asubuhi tangu tuoane. Ameniogesha kitini, kwa beseni na kitambaa. Kisha ameoga yeye, kwa maji yaliyobaki, yaliyokwisha kupoa. Asubuhi za Butembo zinajulikana kwa baridi. Zamani watoto walianza, nikafuata mimi niliyekuwa nawahi shuleni kufundisha fizikia, yeye mwisho. Watoto wameondoka. Zamu ya mke wangu haijasogea.

Mashini ya maji moto imefika. Binti yetu Masika aliinunua Uchina pamoja na vitenge vyake, ikaja na kontena hadi mpakani Kasindi. Iko barazani, bado ndani ya boksi lake la karto. Nimeitazama siku nzima.

Jumanne, 5 Agosti
Niandike ukweli. Moyo wangu umechoka, na daktari hakunificha.

Nilimwambia Masika kwamba daktari ameagiza maji moto kwa ajili ya mifupa yangu. Uongo. Daktari hakusema neno juu ya maji. Mashini ni ya Kavira. Kama angejua, angeirudisha dukani hata Uchina kwenyewe. Kwa ajili yangu amekubali mara moja.

Nataka aoge maji moto, wa kwanza, kabla sijafa. Basi. Sina haja nyingine.

Alhamisi, 7 Agosti
Kasereka, fundi wa frigo, amefika kutoka Beni. Vumbi hadi kwenye kope.

Tanki la maji moto lipo bafuni tangu zamani. Halijatusaidia. Umeme wa mtaa wetu, Bulengera, ni dhaifu. Ukiwasha tanki, taa za nyumba zinafifia kisha zinazima. Mashini hii inakula umeme kidogo kwa sababu haichemshi yenyewe. Inakusanya joto lililo hewani, inalibana, inalihamishia majini. Ni frigo iliyogeuzwa. Nilichora jambo hili ubaoni kwa chaki maisha yangu yote. Sijawahi kuliona kwa macho.

Kavira hakuamini. "Joto gani kwa hewa? Ya Butembo hii? Mzee, unatuchekesha."

Ijumaa, 8 Agosti
Tumeunganisha. Nasema tumeunganisha, ingawa mimi nilikaa kitini na blanketi magotini. Bomba moja linatoa maji baridi chini ya tanki na kuyapeleka kwenye mashini. La pili linayarudisha juu yakiwa ya moto. Nilidai mabomba yafungwe sponji, joto lisipotee njiani. Kasereka ananiita Prof. Sijamkataza.

Nimeamuru mashini iwekwe ndani ya depo, stoo yetu nyuma ya ukuta wa bafu. Haina dirisha. Mlango wa chuma, kufuli mbili. Kitu kama hiki hakilali nje kwetu. Kasereka hakubisha. Kwao Beni hata ndoo inalala ndani.

Jumamosi, 9 Agosti
Imewashwa. Imevuma vizuri. Saa sita maji yalikuwa vuguvugu. Nimejisikia kijana.

Jioni imezima yenyewe. Mapezi yake ya bati, yanayonyonya joto, yamefunikwa na barafu. Tumeiwasha, imezima tena. Kasereka anasema labda gesi yake ya kubebea joto imevuja njiani, itabidi gesi itoke Kampala. Majuma, labda miezi. Sina miezi. Nimeogopa, na sikumwonyesha mtu.

Jumapili, 10 Agosti
Padri ameleta komunyo na mafuta ya wagonjwa. Nimeungama uongo niliomwambia Masika. Ameniuliza kama ninajuta. Nimesema, kidogo. Amecheka chini kwa chini.

Nilikuwa nimepanga kuungama kiburi pia. Lakini mashini imekufa. Kiburi hakikuwapo.

Mbabula asubuhi. Kikohozi.

Jumatatu, 11 Agosti
Kavira ameniletea chai ya maziwa. Maziwa ya Jumamosi. Nimeuliza kwa nini hayajachacha.

"Niliyaweka kwa depo yenu. Mule baridi iko mingi kupita frigo ya kwa Masika. Mashini yenu inatumika muzuri, Mzee. Ni ninyi tu munaiomba moto, yeye anatoa baridi."

Nimeweka kikombe chini. Nimeona yote.

Tuliifungia ndani na hewa kidogo. Ikanyonya joto lote la chumba, likaisha. Kisha ikakaa gizani ikitafuta jingine, ikaganda. Gesi haina kosa. Kosa ni kufuli. Mimi, mwalimu wa fizikia, nimefunga hewa ili isiibwe.

Nimecheka hadi kifua kikauma. Kavira amenishika mgongo, naye akicheka, bila kujua alichokiponya.

Jumanne, 12 Agosti
Fundi wa kuchomelea ametengeneza kizimba cha vyuma, miguu yake ndani ya simenti. Mashini sasa iko nje, imeegemea ukuta wa bafu, imefungwa lakini inapumua. Majirani wamekuja kuuliza ni mnyama gani.

"Mbuzi ya Mzee," Kavira amewajibu. "Inakula upepo."

Imefanya kazi kutwa bila kuzima. Jioni Kasereka aliweka mkono kwenye maji ya robine akautoa haraka. Nami nikaweka wangu. Nimeuacha humo kadiri nilivyoweza kuvumilia.

Najivuna. Nitakwenda na kiburi hiki mbele ya Mungu, na atakiona. Sitakificha.

Jumatano, 13 Agosti
Mbabula haijawashwa.

Kavira alijaza beseni, akaja na kitambaa kama kawaida. Nimekataa.

"Leo wewe njo wa kwanza kuoga."

"Na wewe?"

"Mimi nitaoga yenye itabaki."

Amesimama mlangoni akiniangalia. Kisha amesema, "Ambia daktari wako aksanti," akaingia. Sijui amejua tangu lini. Sikuuliza.

Nimeyasikia maji kupitia ukuta. Muda mrefu. Hakukohoa. Hakuharakisha.

Amefungua mlango, mvuke umetangulia. Ameshika mkono wangu, wake ukiwa na joto, ameniongoza ndani.

Yamebaki mengi. Bado ya moto.