Blanketi la Yogati

Mama yangu mpendwa,

Leo hapa mtaani Munyaka mvua imeanza kabla ya chai ya saa nne. Nimechemsha maziwa kama ulivyonifundisha, nikayaacha yapoe hadi kidole kikavumilia ndani nikihesabu mpaka kumi. Nimekoroga vijiko viwili vya yogati ya jana, nikafunika sufuria, nikaiviringisha kwa lile blanketi lako zito na kuiweka kwenye kochi. Kisha nimelia, kwa sababu kila nikilishika blanketi hilo nakumbuka Julai ile.

Ulikuwa mgonjwa, umekonda, na baridi ya Eldoret haikukuhurumia. Mimi nilikuwa na oda yangu ya kwanza kubwa ya yogati, ya ubatizo wa mtoto wa jirani yetu Mama Chebet, na nilitaka sana nisifiwe. Blanketi lilikuwa magotini mwako. Mengine yote yalikuwa kwenye kamba, yamelowa.

"Mama, nipe hiyo blanketi, maziwa itapoa."

Hukubishana. Ulilikunja vizuri ukanipa, ukabaki na leso tu mabegani.

Nikatoka kununua vikombe vya plastiki. Niliporudi nilikukuta umesogea mpaka mwisho wa kochi, umeegemeza mgongo kwenye sufuria yangu, macho umeyafumba. Ulikuwa unaota joto la maziwa. Nami nikakugombeza, Mama.

"Si unajua ikitikiswa itakataa kuganda? Unataka kuniharibia?"

Ukajivuta polepole. "Pole, mami. Sikufikiria. Nilisikia tu iko na joto."

Yogati iliganda vizuri. Mama Chebet alinisifu mbele ya wageni, nami nikatabasamu huku wewe umebaki nyumbani peke yako. Wiki chache baadaye tulikuzika. Kanisani waliniita niseme machache, nikasimama nikaeleza jinsi nilivyokutunza, na watu wakaitikia amina. Habari ya kochi sijamwambia mtu mpaka leo.

Naona aibu, Mama. Nimejaribu kujitetea kwamba nilikuwa na haraka, lakini haraka gani, na maziwa yenyewe kazi yake ilikuwa kukaa tu kutwa nzima? Ningeweza kulianika hata blanketi moja karibu na jiko. Ningeweza kuwafunika wote wawili pamoja, wewe na sufuria. Halikunijia hata wazo hilo.

Kwa hivyo leo nimefanya jambo. Nimeiegemea ile sufuria kwa mgongo wangu wote, na unajua mimi si mwepesi kama ulivyokuwa wewe siku zile. Nimejigeuza, nimekohoa, hata nimesinzia hapo. Jioni nimefungua kifuniko.

Pumzika salama, na ukiweza, unisamehe. Imeganda, Mama. Haina hata ufa. Ungeegemea tu.

Kifungua mimba wako,
Wanjiru