Jina la Ubeti wa Mwisho

Kijenge, Arusha
5 Juni 1994

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mbuzi wako na ule mgomba uliokataa kuanguka. Sisi hatujambo, isipokuwa Mama ana mafua, na mimi nina kazi ya shule iliyonipandisha mabega.

Sikiliza. Mwalimu Ludovick, wa Kiswahili, ametuagiza Kidato cha Tatu kila mmoja amtafiti mshairi mmoja wa kisasa, kisha amwasilishe darasani kwa nusu saa: maisha yake, mashairi yake, na kwa nini tumsome. Wenzangu wamekimbilia maktaba kugombania vitabu viwili visivyo na majalada. Mimi nikanyoosha mkono nikasema mshairi wangu ninaishi naye nyumba moja. Wakacheka. Nikasema ni Efraimu Kaaya, S.L.P. 84, Arusha. Mwalimu akapiga makofi! Kumbe alipokuwa mwanafunzi huko Rombo alikuwa akiyakata mashairi ya Baba gazetini na kuyabandika kwenye daftari.

Baba amefurahi mno. Amenifungulia lile kopo la biskuti lenye vipande vya gazeti, mashairi kumi na tisa, ya mwaka 1968 hadi 1973. Na kwa kuwa Oktoba anagombea udiwani, atayatoa yote fotokopi dukani kwake Kaloleni, ayabane yawe kijitabu, awagawie watu siku ya uwasilishaji, tarehe 22 Julai. Atakuja mwenyewe kama mgeni wa heshima, na wazee wa kata.

Ninalolipenda kuliko yote ni "Mwanangu wa Siku Tisa". Nimelikariri:

Ulifika mlangoni, mwanangu wa siku tisa,
Maziwa ya kifuani, yanavuja hata sasa,
Naamka kitandani, kwa mkono napapasa,
Hata wakisema nini, sikusahau kabisa.

Baba amenifafanulia kwamba mtoto ni taifa changa, na maziwa ya kifuani ni jasho la mkulima. Nimeandika yote. Sasa nakuomba wewe uliyekua naye: alikuwa akiandikia wapi? Alikuwa akikusomea?

Nijibu kwa sanduku la Baba, au umpe Evaresta, maana anatuletea maziwa toka huko kwenu kila Jumanne.

Mwanao,
Anande


Akeri
12 Juni 1994

Anande mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mgomba umeanguka.

Maswali yako nimeyasoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Juu ya kaka yangu na mashairi sina la kukuambia. Jambo moja tu, uliandike au usiliandike: maziwa ni maziwa.

Barua zako usiziweke tena posta, na zangu usizingoje huko. Sanduku lile nalijua. Mpe Evaresta mkononi. Nimekuletea mkungu wa ndizi, mama yako apikiwe mtori, mafua yatamtoka.

Shangazi yako


Kijenge
21 Juni 1994

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mama amepona, anashukuru kwa ndizi. Mimi ndiye sijapona.

Nilimwambia Baba maneno yako, kwamba maziwa ni maziwa. Akaacha kula. Akasema shangazi yako ameishia darasa la saba, mambo ya tamathali atayajulia wapi. Sijampenda alivyosema, na nimeona nikwambie kwamba sijampenda.

Basi nikarudi kwenye kopo. Unajua washairi wa gazetini hujitaja kwenye ubeti wa mwisho. Katika mashairi kumi na nane ya kwanza hakujitaja, jina limechapwa chini tu, E. Kaaya, na sanduku. Katika hili moja amejitaja, na hapo hapo ameharibu. Soma:

Kaditama nimenena, jina ni Efraimu,
Mzazi wa huyo mwana, ndimi mimi kwelikweli.

Kina kiko wapi? Mashairi kumi na tisa, hakuna mstari hata mmoja uliochechemea ila huu. Nimehesabu kwa vidole mpaka Namnyaki, rafiki yangu wa dawati moja, akaniuliza kama nasali rozari. Shangazi, mtu aliyepima kila neno kwa miaka mitano anawezaje kujikwaa kwenye jina lake mwenyewe?

Na mimi sijapata kusikia kwamba Baba alizika mtoto. Mama naye hajasikia. Nani alizika mtoto wa siku tisa?

Nijibu, tafadhali. Usinijibu kwa ndizi.

Mwanao,
Anande


Akeri
10 Julai 1994

Mwanangu,

Salamu. Najua umemsumbua Evaresta Jumanne mbili. Ananiambia unamngoja getini hata kabla maziwa hayajateremshwa. Wiki tatu nimekuwa nikiokota kalamu na kuiweka. Umeuliza kwa adabu na umeuliza kwa ukorofi, vyote viwili nimevipenda, basi chukua.

Niliyazaa mimi, yote kumi na tisa. Niliyatungia shambani nikichuma kahawa, maana mikono ikiwa na kazi kichwa hukaa huru, na jioni nikayaandika kwenye daftari. Sisi hapa hatukuwa na sanduku la posta. Mwenye sanduku alikuwa kaka, mwalimu wa mjini. Nikampa la kwanza apeleke, nimeandika "Kaanaeli Kaaya, kwa sanduku la E. Kaaya". Gazeti likachapa E. Kaaya. Lilikuwa kosa la watu wa gazeti, Mungu shahidi, na tulicheka wote wawili. La pili hakucheka. Akasema tuliache hivyo, wakijua ni mwanamke wa shamba watalitupa. Nikakubali, nilikuwa nataka tu kuliona limechapwa.

Mwaka 1973 nilijifungua mtoto wa kike. Marehemu mume wangu alikuwa kazini Moshi. Tulikaa naye siku tisa. Hata jina la ubatizo hakupata.

Safari hiyo nilisema hapana, hili ni langu. Nikalifunga jina langu ndani ya vina vya ubeti wa mwisho, ili mtu asiweze kulitoa bila kulipasua shairi. Kaka akachukua bahasha kama kawaida. Akalipasua.

Hilo ningeweza kulimeza. Sikiliza ambalo sijalimeza. Wasomaji waliandika barua za pole, Anande. Toka Tanga, toka Songea, wanawake waliozika kama mimi. Zilikwenda kwenye sanduku. Walimpa pole Efraimu. Akaja Krismasi akatusomea moja mezani, watu wakampongeza jinsi alivyogusa nyoyo, na mimi ndiye niliyekuwa nikigawa wali.

Sijatunga tena. Mwaka uliofuata aliniletea karatasi nyeupe nzuri nitunge la kumsifu mkubwa fulani aliyekuwa anakuja kufungua shule. Nikaiwashia moto wa maharage mbele yake.

Sasa sikia ninachotaka. Kumi na nane amlishe yeyote amtakaye, ashinde nayo udiwani. Hilo la siku tisa lisisomwe tena kwa jina lake. Ni hilo tu. Yeye ni baba yako na unakula kwake, kwa hiyo sikuagizi useme neno. Chagua shairi lingine tu.

Shangazi yako


Kijenge
13 Julai 1994

Shangazi,

Shikamoo. Pole. Naandika pole kwanza, mengine baadaye.

Sichagui shairi lingine.

Nilimfuata Baba dukani. Alikuwa kwenye mashine ya fotokopi, kurasa zinatoka za moto na jina lake juu. Nikamuuliza. Hakukana, hilo nampa. Alisema: "Nani angechapa shairi la mwanamke wa Akeri? Mimi ndiye niliyelifikisha. Bila mimi angekuwa anawaimbia mbuzi." Nikamwomba alitoe moja tu kwenye kijitabu. Akasema ndilo watu wanalolikumbuka, ndilo litakalompa kura za kina mama. Kisha akazima mashine akaniambia, "Ukisimama siku ile ukasema hayo, usiniite tena baba."

Nikaenda kwa Mwalimu Ludovick nibadilishiwe jina la mshairi. Akasema ugomvi wa ukoo ubaki kwenye ukoo, na zaidi ya hayo mshairi asiye na kitabu hamtambui. Nikamuuliza Baba ana kitabu gani. Akanitoa nje ya ofisi.

Kwa hiyo nimebaki na mdomo wangu, na mdomo wa msichana wa Kidato cha Tatu haujazi kijiko. Naomba hilo daftari, kama bado lipo. Na naomba uje. Ukae kiti cha mbele. Barua hii nampelekea Evaresta sokoni, sitaweza kungoja Jumanne.

Mwanao,
Anande


Akeri
18 Julai 1994

Anande,

Hujambo? Umechukua ukaidi wa bibi yako, tena umeongeza chumvi.

Daftari lipo. Lilikuwa chini ya mahindi ya mbegu, mahali ambapo mwanamume haweki mkono. Evaresta atakuletea kesho ndani ya kapu la mayai. Kuna doa la maji ya kahawa kwenye ukurasa wa mwisho, usilisugue.

Mimi siji. Usidhani naogopa. Miaka ishirini na mmoja nimesali ibada moja na kaka yangu kila Krismasi na sijainamisha macho, yeye ndiye huangalia kitabu cha nyimbo. Lakini nikija, wazee watasema mwanamke kaja mjini kumgombeza mgombea, na shairi litasahaulika. Daftari likija peke yake halina sauti ya kugombeza.

Nilikwambia usiseme. Naona hukusikia. Basi ukisema, sema wima, na usome taratibu, hilo si shairi la kukimbiza.

Shangazi yako


Kijenge
24 Julai 1994

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tuko wazima, kila mtu chumbani kwake.

Nakueleza kama ilivyokuwa. Baba alikuja na suti ya kijivu, wazee watano, na katoni ya vijitabu. Mwalimu akamkaribisha kwa maneno marefu. Nikaitwa. Nikasema: "Mshairi wangu ni Kaanaeli Kaaya. Ana miaka arobaini na sita, analima kahawa Akeri. Hana kitabu. Ana daftari, hili hapa."

Mwalimu akainuka kunizuia. Mimi nikaanza kusoma. Huwezi kumkatiza mtu katikati ya ubeti ule, Shangazi, nimeliona kwa macho. Akabaki amesimama. Nilipofika ubeti wa mwisho nikausoma kwanza ulivyochapwa gazetini, halafu ulivyo kwenye daftari:

Kaditama nimenena, jina ni Kaanaeli,
Mama yake huyo mwana, ndimi mimi kwelikweli.

Kina kikaingia mahali pake, na darasa zima likasikia. Mwalimu Ludovick akalitazama daftari lako, akafungua mkoba akatoa lake la Rombo, lenye kile kipande kilichobandikwa kwa uji. Akavilaza pamoja. Akamgeukia Baba akasema, "Mzee, tafadhali."

Baba akasimama. Akasema, "Mimi ndiye niliyeyapeleka posta." Hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo. Akakaa.

Namnyaki akanyoosha mkono. Mama yake alizika mtoto mwaka jana. Akasema, "Sina swali. Naomba Anande ampelekee huyo mama pole yangu." Akabaki amesimama, na darasa lote likasimama, na mzee mmoja wa kata naye akavua kofia. Nililia, sikujificha.

Nimepewa alama thelathini na nane juu ya hamsini. Mwalimu ameandika nimepitisha muda. Chini yake ameandika: anaomba radhi kwa mshairi.

Baba hajanisemesha siku mbili. Nami sijamwita baba, kama alivyotaka. Vijitabu amevirudisha dukani, karatasi zake anafungia wateja kalamu. Leo baada ya ibada aliweka kopo la biskuti mlangoni kwangu. Chini ya vipande vya gazeti kulikuwa na bahasha, zimefungwa kwa kamba ya katani. Ni zile barua za pole. Ishirini na sita, zote amezitunza. Akasema akiwa amenipa kisogo, "Mpelekee shangazi yako."

Nimpe Evaresta Jumanne?

Mwanao,
Anande


Kaanaeli Kaaya
S.L.P. 77
Usa River
7 Agosti 1994

Anande mwanangu,

Marahaba, mara ishirini na sita.

Barua hii nimeiweka posta kwa sanduku namba 84 makusudi. Najua nani hulifungua. Kaka, kama ni wewe unayesoma, shikamoo. Endelea kusoma, sina siri.

Anande, barua hizo usimpe Evaresta. Yeye hubeba maziwa na mayai, mzigo huo si wake. Wala usizilete wewe. Zilipotea kwa kalamu ya mtu mzima, haziwezi kurudishwa na mtoto kwenye kapu.

Juzi nilishuka Usa River nikakodi sanduku. Kijana wa dirishani aliniuliza linaandikwa jina la nani, mume au kaka. Nikamwambia aandike Kaanaeli, na nikasimama pale mpaka akamaliza. Nimepewa ufunguo mdogo, nimeufunga kwenye pindo la kanga. Nimekwenda kulifungua mara mbili, wakati najua ni tupu.

Mwambie baba yako, na wewe mwite baba, mimi sikukutuma umpoteze. Mwambie achukue bahasha kubwa, atie barua zote humo, aandike juu yake kwa mkono wake mwenyewe, wino usiofutika: Kaanaeli Kaaya, mama wa mtoto wa siku tisa. Aitie stempu, aende kwa miguu yake posta, kama alivyokuwa akienda. Njia anaijua.

Mwandiko wake naujua. Nitautambua.

Ni mimi shangazi yako,
Kaanaeli