Meza Iliyopimwa Kiwikoni

Mjukuu wangu Atupele,

Huku Kyimo sote ni wazima, ila mvua haikatiki. Nimekukasirikia, wala sitakuficha.

Unauliza kwa nini meza uliyonitumia kutoka Dodoma nimewaachia kuku. Baba yako mdogo aliishusha, kisha akachukua shoka. Akasema, "Mama, Atupele kaagiza ile ya zamani nipasue kuni." Nilimfukuza mpaka barabarani! Nani kakutuma kuagiza hivyo?

Sikiliza. Nilipoolewa hapa, mila ilinikataza hata kuonana na baba mkwe. Akipita, najificha migombani. Nilikuwa nakatia mboga chini, nimeinama, na mimba ya baba yako inanielemea. Siku moja mama mkwe akaja na kamba ya mgomba, akanipima kutoka chini hadi kiwikoni, akaondoka nayo. Kumbe baba mkwe alikuwa na mbao darini, zinakauka kwa moshi wa jikoni. Baadaye nikarudi kutoka mtoni, nikaikuta meza mlangoni. Ilinifika kiwikoni barabara. Mzee alikufa hatujasemezana, hata ndaga ya kumshukuru sikumwambia. Halafu wewe unataka niifanye kuni za kupikia maharage?

Hiyo yako ni ndefu, na unyevu umeshaivimbisha. Usinitumie nyingine. Mgongo wangu umepinda, hata ile ya mzee sasa iko juu mno kwangu. Mbao nyingine nimeshazipandisha darini zikauke, na randa ya mzee bado ipo. Chukua likizo, uje na kamba, unipime.

Bibi yako