Mgowe Niliokataa

Jumanne, baada ya chakula

Bado nina hasira, ingawa palizi imekwisha. Niliwaambia wenzangu wa kwaya kwamba mwaka huu sihitaji mgowe, wasije kunilimia kwa zamu kama tunavyofanyiana siku zote. Kumbe hapa kwetu anayekataa kusaidiwa ama mgonjwa, ama ana la kuficha. Wao wakaamua naumwa. Leo asubuhi nikawakuta shambani, majembe manane, wanaimba.

Mahindi anauza Baba Neema, mimi hela naisikia tu. Ile mistari mitatu ya bangi katikati ya mahindi ndiyo yangu. Ndiyo inayolipa ada ya Neema bila mimi kumpigia mtu magoti. Mpita njia haioni, lakini mwenye jembe ataachaje kuiona? Mmoja tu akimnong'oneza mwenyekiti wa kijiji, nafungwa, na Neema...

Walipofika katikati, wimbo ukakatika.

"Hapo acheni," nikasema. "Nitamalizia mwenyewe."

Mama Tula, kiongozi wetu wa kwaya, akasogea kwenye mistari ile. Akainama, akapalilia taratibu kuzunguka kila mche, jembe lisiguse mzizi. Mimi nimesimama tu. Kisha akang'oa mche mmoja, akautupa kando.

"Hili dume, Mama Neema. Ukiliacha litayaharibu majike, yajae mbegu yakose bei."

Akaanzisha wimbo tena, wote wakaitikia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza dume la nini.